Upekuzi, Hatia na Deni: Istilahi za Ustahiki wa Kukabidhiwa Siri

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na wafasiri, walimu na watumishi wa umma, yapo yanayohusu neno moja tu, na hayo hujibika kwa sentensi mbili tatu. Yapo mengine ambayo ukilivuta neno, huja na jambo zima lililojificha nyuma yake. Swali tulilopata kutoka kwa mwalimu mmoja wa Turiani, Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro, ni la aina hii ya pili. Mwalimu huyo aliombwa na kijana aliyemfundisha zamani amsaidie kujaza fomu ya kuomba kazi ya utunzaji wa kumbukumbu katika masijala ya siri. Ndani ya fomu hiyo, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, palikuwa na swali lisemalo, "Je, umewahi kuwa na kesi?", na jingine lisemalo, "Je, unadaiwa?" Mwalimu ataka kujua kama tafsiri hiyo ni sahihi.

Jibu letu ni kwamba maneno ni Kiswahili safi, lakini hayaulizi kile ambacho mwajiri ana haja ya kukijua. Tofauti hiyo si ndogo. Kijana huyo, kama mwalimu anavyoeleza, alipata kushtakiwa kwa sababu ya ugomvi uliozuka ng'ombe walipoingia katika shamba la mpunga. Wazee wakawapatanisha wahusika, na shauri likaondolewa mahakamani kabla ya hukumu. Aidha, amekopa katika chama cha akiba na mikopo ili ahudumie shamba lake la miwa, na mkopo huo anaulipa. Akijibu "ndiyo" kwa maswali yote mawili, atasomwa kuwa mhalifu aliyezama katika madeni. Akijibu "hapana", atakuwa amesema uongo katika hati ya Serikali. Mfasiri amemfungia milango yote miwili, wala hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo.

Twaona yafaa, basi, istilahi za shughuli hii zichambuliwe moja moja, na hasa wakati huu. Kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kazi ya kutafsiri sheria, kanuni na fomu imekuwa kubwa, na neno likikosewa katika fomu moja huweza kunakiliwa katika fomu mia.

Neno "upekuzi" na jamaa zake

Kupekua, kwa asili, ni kufanya kama afanyavyo kuku jaani: kuparura na kutawanya ili kionekane kilichofunikwa. Kutokana na maana hiyo, Kiswahili cha Tanzania kimepata matumizi mawili ya kiserikali. La kwanza ni la polisi, yaani upekuzi wa nyumba, chombo au mwili wa mtu, ufanywao ili kutafuta vielelezo. La pili ni la utumishi, yaani kuchunguza habari za mtu kabla hajateuliwa kushika madaraka au kabla hajakabidhiwa mambo ya siri. Matumizi yote mawili yamekwisha kukubalika, wala hatuna nia ya kuyafuta; lakini mfasiri hana budi kuyatenga. "Hati ya upekuzi" ni ile amri ya maandishi inayompa polisi ruhusa ya kupekua nyumba ya mtu. Mtumishi akiarifiwa kwamba hati yake ya upekuzi imetoka, ilhali kilichotoka ni barua ya kumkubali, ana haki ya kushtuka.

Neno hili lina jamaa zake ambao aghalabu huchanganywa nalo. Usaili hupima maarifa na uwezo wa mwombaji. Ukaguzi hutazama hesabu na utendaji. Uhakiki hulinganisha hati na asili yake. Mathalani, taarifa iliyotolewa Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Kazi hiyo ilikuwa ya uhakiki, si ya upekuzi, kwa maana kilichopimwa ni karatasi. Upekuzi hupima jambo zito zaidi, nalo ni kama mtu mwenyewe aaminika.

Ndugu zetu wa Kenya husema mtu "amepigwa msasa". Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Neno lina ladha yake, na limeenea tangu majaji na mahakimu wa nchi hiyo walipoanza kuchunguzwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Lakini kwa istilahi lina kasoro moja: ubao uliopigwa msasa hutoka umelainika, ilhali mtu aliyepekuliwa hatoki na tabia mpya, hutoka amejulikana tu. Mfasiri anayewaandikia wasomaji wa pande zote mbili na atumie "upekuzi", kisha aeleze mara moja kwamba Kenya husemwa vingine.

Linabaki jina la kile anachopewa mtu akishapekuliwa na kuaminiwa. Wako waliotafsiri istilahi ya Kiingereza neno kwa neno, wakapata "usafishaji wa usalama", ambao haumwambii msomaji lolote. Neno lile lile la Kiingereza hutumika bandarini kwa shehena inayotolewa forodhani, na maana yake ni kuondolewa kizuizi, si kusafishwa. Wengine wamesema "idhini ya siri". Hiyo nayo yaweza kufahamika kuwa ni ruhusa iliyotolewa kwa kificho. Sisi tunapendekeza "idhini ya kukabidhiwa siri". Kitenzi "kukabidhiwa" kina ndani yake maana ya amana, na amana ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kustahili kupewa idhini hiyo kuitwe "ustahiki".

Kwa nini jinai na fedha?

Ofisi zetu zina masijala ya wazi na masijala ya siri. Anayefanya kazi katika hii ya pili hushika majalada ambayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 huyalinda, na kumpa habari za siri asiyeruhusiwa ni kosa la jinai. Kwa hiyo, kabla ya kumwekea mtu ufunguo mkononi, Serikali yoyote hujiuliza maswali mawili: Je, mtu huyu huheshimu sheria? Na je, anaweza kununuliwa au kutishwa?

Swali la pili ndilo linaloleta habari za fedha. Mfano unaotajwa sana ni wa Aldrich Ames, mtumishi wa shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 1985, akiwa amebanwa na madeni, alianza kuwauzia Wasovieti siri za nchi yake. Baadaye alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, jambo ambalo mshahara wake usingeliweza. Alikamatwa mwaka 1994. Yafaa kutazama kwamba katika mkasa huu fedha zilitoa ishara mbili zinazopingana: kwanza ukata, kisha ukwasi usio na maelezo. Tafsiri inayouliza madeni tu imeiona ishara moja na kuiacha nyingine.

Vigezo vya upekuzi havitangazwi vyote hadharani, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi. Lakini sheria zilizo wazi zatuonyesha mizani inayotumika kupima uaminifu wa mtu katika dhamana ya umma, nazo zatupatia lugha ya kuielezea. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 67, haisemi kwamba mwenye kosa lolote asiwe mbunge. Hutaja aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu, na huweka kipindi cha miaka mitano kwa aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali. Maneno ya kushika hapo ni matatu: aina ya kosa, uthibitisho wa mahakama, na muda uliopita. Tafsiri ya fomu ikiyapoteza hayo matatu, imeipoteza mizani.

Kutoka tuhuma hadi hatia

Waswahili husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa barazani. Katika fomu ya upekuzi ni hatari. Sheria hupanda ngazi, na kila kidato kina jina lake. Tuhuma ni neno la mtu juu ya mtu. Kukamatwa ni tendo la polisi. Mashtaka ni tuhuma iliyofikishwa mahakamani kwa utaratibu. Kutiwa hatiani ni uamuzi wa mahakama kwamba kosa limethibitika. Adhabu ni kile kinachofuata hatia. Ibara ya 13 ya Katiba yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. "Kuwa na kesi" ni msemo wa mitaani unaovifunika vidato vyote hivyo kwa shuka moja. Hata mlalamikaji mwenyewe ana kesi.

Historia yetu inatufundisha. Mwaka 1983, katika kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilitungwa sheria maalumu ya kupambana na uhujumu wa uchumi. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilifutwa na kuwekwa nyingine, ile ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na ya Kupangwa ya 1984. Neno "mhujumu" lilienea upesi vinywani mwa watu, likawavaa hata waliokuwa wangali wakingoja kusikilizwa. Kuzuka kwa neno jipya hakukuwa kosa, maana lugha ilihitaji jina la uovu ule. Kosa ni kumpa mtuhumiwa jina la mkosaji. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendekezi "historia ya uhalifu" katika fomu, kwa kuwa humwita mtu mhalifu kabla hajajibu. "Kumbukumbu za jinai" yatosha.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika kitenzi "kuachiwa". Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: kwa mtu ambaye mashtaka yake yameondolewa kabla ya hukumu, na kwa mtu aliyetiwa hatiani lakini, badala ya adhabu, akapewa sharti la kutotenda kosa kwa muda uliowekwa. Wa kwanza hana hatia, ingawa aweza kushtakiwa tena. Wa pili anayo hatia, ingawa hakufungwa. Wote wawili si sawa na yule ambaye mahakama imesikiliza shauri lake na kuamua kuwa hana kosa. Kiswahili kina uwezo wa kuwatenga watatu hawa: "ameondolewa mashtaka", "ameachiwa kwa sharti" na "ameachiwa huru". Anayeandika "aliachiwa" peke yake amewachanganya wote.

Hapa ndipo tunapoiona ajabu ya safari ya neno. Mahakama za mwanzo, ambazo ndizo zilizo karibu na wananchi wa tarafa kama Turiani, huendesha mashauri kwa Kiswahili, na majalada yake huandikwa kwa Kiswahili. Hakimu huandika waziwazi kwamba mashtaka yameondolewa. Kwa miaka mingi habari hizo, zikipanda ngazi za ofisi, zilifupishwa kwa Kiingereza, kisha zikarejeshwa katika Kiswahili cha fomu na mtu ambaye hakuliona jalada la kwanza. Neno liliondoka nyumbani likiwa na maana kamili, likarudi limekonda. Dawa yake si ngumu: mfasiri alirudie jalada la asili, na anukuu Kiswahili cha mahakama badala ya kukibuni upya.

Deni, mdaiwa na ukwasi

Habari za fedha nazo zina historia yake kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo haimkatazi kiongozi kuwa na mali, bali humtaka atoe tamko la mali na madeni yake: ndani ya siku 30 tangu apate madaraka, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Mfasiri na auone mgeuko huo wa fikra. Zamani kuwa na mali fulani kulimwondolea mtu sifa ya uongozi. Baadaye lililotiliwa mkazo ni uwazi. Na sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 humtia mtu hatiani kwa mali asiyoweza kuieleza, si kwa wingi wa mali peke yake.

Kwa hiyo swali "Je, unadaiwa?" halifai, kwa sababu karibu kila mtu anadaiwa. Kilimo cha miwa katika bonde lililo chini ya Milima ya Nguru ni mfano mzuri. Miwa huchukua mwaka au zaidi kabla ya kuvunwa. Mkulima hulima, hupalilia na kuweka mbolea kwanza, na malipo humjia baada ya miwa kupimwa kiwandani. Anayelima namna hiyo hukopa kabla ya kupata, na mkopo wake ni chombo cha kazi kama jembe. Malipo yakichelewa naye huchelewa kulipa, pasipo udhaifu wowote wa tabia. Tukimwita "mdaiwa sugu" kwa kuchelewa msimu mmoja, tumemhukumu. Sugu ni aliyekomaa katika ukaidi, aliyeweza kulipa akakataa.

Waswahili wana misemo miwili juu ya jambo hili. Mmoja wasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Huo ndio unaoeleza kwa nini mwenye madeni huogopwa, maana siku za matanga mtu huweza kushawishika. Wa pili wasema, dawa ya deni ni kulipa; huo ndio mizani ya haki. Istilahi zetu na zifuate misemo yote miwili. "Deni" ni wajibu wa kulipa, nalo si aibu. "Malimbikizo" ni deni ambalo muda wake wa kulipwa umepita. "Kushindwa kulipa" ni hali, na hali ina sababu. "Kukwepa kulipa" ni tendo la kusudi. "Mufilisi" ni yule tu aliyetangazwa hivyo na mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humzuia mufilisi ambaye bado hajaondolewa hali hiyo asichaguliwe kuwa mbunge, lakini haimzuii mwenye deni.

Mizani ya nchi nyingine yakubaliana na hekima hii. Mwongozo wa Marekani uliotumika tangu Juni 2017 una vipengele 13, na miongoni mwake vimo mwenendo wa jinai na hali ya fedha. Hakuna kimojawapo cha hivyo viwili kinachomfungia mtu mlango kwa kutajwa tu. Hutazamwa uzito wa tendo, muda uliopita, umri wa mtu alipolitenda, na dalili za kujirekebisha. Kwa upande wa fedha huulizwa kama deni lilitokana na mambo yaliyomshinda mtu, kama ugonjwa au kupoteza kazi, na kama anajitahidi kulipa kwa nia njema. Nchini Kenya, polisi walipoanza kuchunguzwa mwishoni mwa 2013, walitakiwa kueleza kumbukumbu zao za benki na fedha zilizopita katika simu zao. Swali halikuwa wanadaiwa na nani tu, bali fedha zilitoka wapi. Mambo yanayompunguzia mtu uzito wa dosari twaweza kuyaita "vipunguza uzito", na yanayouongeza "vizidisha uzito".

Hapana budi kuongeza kwamba habari za makosa ya mtu na za miamala yake ya fedha zimehesabiwa kuwa taarifa binafsi nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fomu inayouliza zaidi ya inavyohitaji si mbaya kwa lugha tu. Inakusanya mambo ya watu pasipo haja.

Mapendekezo

Swali la jinai tunapendekeza liandikwe hivi: "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa la jinai? Kama ndiyo, taja kosa, mahakama, mwaka na adhabu." Ikiwa mwajiri anahitaji kujua na mashtaka yasiyofikia hukumu, na aulize kwa swali la pili lililo peke yake: "Je, umewahi kushtakiwa? Shauri liliishaje?" Swali la fedha na liwe: "Je, una deni ambalo muda wake wa kulipwa umepita? Eleza sababu na hatua ulizochukua." Na lifuatwe na hili: "Taja njia zako zote za mapato." Kwa maswali hayo, msema kweli atakuwa na mahali pa kuusemea ukweli wake, na mwenye kuficha hatakuwa na kisingizio cha kutoelewa.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Upekuzi wa mtumishi: uchunguzi wa uaminifu wa mtu kabla ya kumpa dhamana.
Upekuzi wa polisi: utafutaji wa vielelezo katika nyumba, chombo au mwili.
Idhini ya kukabidhiwa siri: ruhusa apewayo aliyepekuliwa akaaminiwa.
Ustahiki: hali ya kutimiza masharti ya kupewa idhini hiyo.
Kumbukumbu za jinai: maandishi rasmi ya mashtaka na hukumu za mtu.
Kuondolewa mashtaka: shauri kukoma kabla ya hukumu.
Kuachiwa huru: kuamuliwa na mahakama kuwa huna hatia.
Kuachiwa kwa sharti: kutiwa hatiani na kupewa sharti badala ya adhabu.
Malimbikizo: deni lililopita muda wake.
Tamko la mali na madeni: maelezo rasmi ya vyote viwili, si ya kimoja.

Tunawaomba wafasiri walioko wizarani na katika halmashauri, mahakimu na makarani wao, watuletee maoni juu ya mapendekezo haya, na hasa watutajie maneno ambayo mahakama za mwanzo zimekwisha kuyazoea. Neno lililokomaa mahakamani kwa miaka mingi lina haki ya kusikilizwa kabla ya lile lililobuniwa mezani.